Jibini ya Pouligny-Saint-Pierre: chukua yenye lebo ya kijani

Pouligny-Saint-Pierre ni kijiji cha wakulima na wafugaji katika mkoa wa Indre, katikati ya Ufaransa, jirani na mto Creuse. Jibini yake ya mbuzi ina umbo la piramidi iliyokatwa ncha, na jina lake linalindwa kisheria tangu mwaka 1972. Kubwa ina uzito wa takriban gramu 250 na hula karibu lita 2 za maziwa, ndiyo maana haiwezi kuwa rahisi.

Tazama kwanza lebo. Kijani ni ya shambani: mfugaji anakamua mbuzi wake na kugandisha maziwa hapo hapo. Nyekundu ni ya kiwandani, maziwa yamekusanywa kwa wafugaji mbalimbali. Zote ni za maziwa mabichi, lakini ya kijani ina ladha nzito zaidi na inastahili nyongeza ya bei.

Utengenezaji wake hauna haraka. Maziwa hutiwa reneti (kigandisha maziwa) kidogo sana, yakaachwa hadi kesho yake yagande kwa uchachu wake yenyewe. Yakishaganda huchotwa kwa upawa na kuwekwa kwenye kalibu zenye matundu, bila kuvurugwa. Yakivurugwa, maji hutoka kwa kasi na jibini huwa kavu, ya chengachenga. Kisha hutiwa chumvi, huanikwa ikauke, halafu hukomazwa. Kwa jumla si chini ya siku 10. Isipokauka vizuri kabla ya kukomazwa, ganda hulegea na kujikunja kama ngozi ya chura, na ndani huwa chungu. Ukiona ganda linachubuka, iache dukani.

Ya siku 10 ni changa mno: uchachu mtupu. Sisi tunapendekeza ya wiki 4 hadi 5, yenye ganda la rangi ya pembe za ndovu, mikunjo midogo na madoa ya ukungu wa kijivu na buluu. Huo ukungu unaliwa, usiukwangue! Ndani iwe nyeupe, laini, yenye ladha ya njugu na harufu ya beberu kwa mbali. Inayonuka amonia imepitiliza. Miezi mizuri ni Aprili hadi Agosti, mbuzi wakiwa malishoni.

Nyumbani, usiifunge kwa nailoni. Itatoa jasho na kuoza ganda. Tumia karatasi ya nta, iweke kwenye droo ya mboga ya friji, uitoe saa 1 kabla ya kula. Kata kutoka juu hadi kitako, si kwa mapana, ili kila mlaji apate ganda na kiini. Mkate mkavu na peasi vinatosha. Ukipenda, tone la asali.

Mjamzito asile, kwa kuwa maziwa mabichi yanaweza kubeba bakteria ya listeria. Na reneti yake ya kawaida hutoka tumboni mwa ndama, hivyo anayechunga halali amuulize muuzaji kabla ya kulipa.