Uzoefu wangu: kuwasha injini ya nozeli ikiwa bado moto, na vali iliyonisaidia

Ninarusha RV-7, ndege ndogo niliyoiunda mwenyewe, yenye injini ya silinda 4 na nguvu farasi 180, isiyo na kabureta (kifaa cha kuchanganya mafuta na hewa). Mafuta yanagawanywa na kigawanyio kilicho juu ya injini, kisha yanapita kwenye vijibomba vyembamba hadi nozeli, yaani kitundu cha kunyunyizia mafuta, ya kila silinda. Angani naipenda sana: inakwenda laini, na ile hofu ya barafu ndani ya kabureta haipo. Kazi iko ardhini, kwenye kuiwasha.

Ikiwa baridi haisumbui. Nafungua throto (mlango wa hewa ya injini) kidogo, mkono wa mchanganyiko (mbele unaruhusu mafuta, nyuma unayakata) mbele kabisa, pampu ya umeme kwa sekunde chache hadi presha ya mafuta ipande. Narudisha mchanganyiko nyuma, nahakikisha hakuna mtu karibu na propela, napiga starta. Ikishika tu, mchanganyiko mbele taratibu, macho kwenye presha ya oili. Isipopanda ndani ya sekunde 30, nazima.

Mtihani ni injini iliyotoka kuruka. Ukiizima, upepo wa kuipoza unakoma na joto lote linabaki chini ya kifuniko. Vile vijibomba vimelala juu ya silinda, kwa hiyo petroli iliyomo inachemka. Nyingine inasukumwa hadi kwenye njia za hewa, na nafasi yake inajaa mvuke. Ndiyo maana injini inashika, inakohoa, inakufa. Ukiipampia kama ikiwa baridi, unaizamisha kwa mafuta. Kwa hiyo naacha pampu, mchanganyiko unabaki nyuma, throto naifungua kidogo zaidi, nazungusha: petroli iliyokwisha kuingia inatosha kuiamsha. Ikifurika, throto nafungua yote, mchanganyiko nyuma vilevile, na ikishika tu narudisha throto haraka huku nikisukuma mchanganyiko mbele. Starta nayo inahitaji kupumzishwa kati ya mizunguko. Inaungua upesi kuliko watu wanavyodhani.

Hayo yanafanya kazi, ila yanategemea sikio na mkono. Vali ya kurudisha mafuta tangini, ya kampuni ya Airflow Performance, ndiyo iliyoniondolea ubahatishaji. Naielekeza upande wa tangi, throto imefungwa, mchanganyiko mbele, na pampu ya umeme inafanya kazi kama dakika moja. Mafuta baridi yanapita hadi kwenye kigawanyio na kurudi tangini, yakiondoka na mvuke wote. Kisha naiwasha injini kama ikiwa baridi. Vijibomba vya baada ya kigawanyio haivisafishi, kwa hiyo sekunde za mwanzo bado inakohoa kidogo, nami naiacha pampu ya umeme iendelee mpaka itulie.

Kwa anayesafiri na kusimama njiani kujaza mafuta, ninaipendekeza bila kusita. Ila amua mapema: bomba la kurudisha mafuta linahitaji tundu lake kwenye tangi, na tangi likishafungwa kwa gundi, kulifungua upya ni kazi nzito.