Uzoefu wangu wa kucheza gofu Bethpage Black

Ubao wa onyo upo palepale kwenye uzio, hatua chache kabla ya kupiga mpira wa kwanza: uwanja huu ni mgumu mno, unapendekezwa kwa wachezaji wenye ustadi mkubwa tu. Niliusoma mara mbili ndipo nikachomeka mpira. Handikapu yangu, yaani takriban idadi ya mikwaju ninayotarajiwa kuzidisha juu ya kiwango cha uwanja, ni 14. Baada ya saa tano za kutembea nakiri kwamba ubao ule haukutia chumvi hata kidogo, na kwamba sijawahi kucheza mahali palipopangwa kwa akili kama pale.

Kwa asiyepajua, Black ni mmoja wa viwanja vitano vya gofu katika hifadhi ya Bethpage, Long Island, jimbo la New York. Ulifunguliwa mwaka 1936 na ni mali ya umma. Huhitaji uanachama wala wa kukutambulisha. Unaweka nafasi, unalipa, unacheza. Mwaka 2002 ulikuwa mwenyeji wa U.S. Open, mashindano makubwa ya gofu ya Marekani, na Tiger Woods pekee ndiye aliyemaliza chini ya kiwango (idadi ya mikwaju iliyowekwa kwa mchezaji hodari), kwa mikwaju 3. Nyasi zilezile zilizowatoa jasho wale mabingwa, mimi na wewe tunaruhusiwa kuzikanyaga. Hilo kwangu ni jambo kubwa sana.

Shimo la 4 ndilo lililoniteka. Ukisimama juu pa kuanzia unaliona lote kama ramani: njia ya nyasi fupi chini, kisha mtego mkubwa wa mchanga uliolala mshazari kwenye mwinuko, kisha njia inaendelea juu yake hadi kwenye grini, yaani uwanja mdogo wa nyasi laini wenye shimo na bendera. Ule mshazari ndio siri yenyewe. Mwenye nguvu anaweza kuuvuka pale ulipo mbali na kujiwekea mkwaju rahisi unaofuata. Asiye nazo anachagua pa karibu, naye analipia baadaye. Kila mtu anapewa swali la kimo chake. Mkwaju wangu wa kwanza ulikaa vizuri, nikapata tamaa, nikachukua fimbo ndefu. Mpira ulitoka chinichini ukaangukia mchangani. Nilipoufuata, visigino vilizama, na mbele yangu ulikuwa ukuta wa mchanga wenye nyasi juu, na juu ya nyasi anga tu. Bendera sikuiona. Niliupiga kando kuutoa, na sikuwa na wa kumlaumu, kwa sababu mtego ule niliuona tangu mwanzo.

Ndiyo maana nauita uwanja wa haki. Kwingine nimeshapoteza mipira kwenye madimbwi yaliyojificha nyuma ya kilima. Hapa maji yenyewe ni bwawa moja tu, shimo la 8, na unalitazama ana kwa ana ukiwa juu yake.

Shimo la 15 ni habari nyingine. Grini yake imekaa juu kabisa, kama meta 15 kutoka njiani, na ukipungukiwa hata kidogo umekwisha. Mpira wangu ulisimama kwenye nyasi ndefu za mteremko, umezama hadi niliweza kuona weupe wake kidogo tu. Nilipiga kwa nguvu zote. Nyasi zikaikamata shingo ya fimbo, mpira ukasogea hatua mbili. Nikapiga tena.

Mambo mengine kwa kifupi. Magari ya gofu hayaruhusiwi, kwa hiyo vaa viatu ulivyokwisha kuvizoea, na ukimudu chukua kedi, mtu wa kukubebea mfuko wa fimbo, maana vilima vya mwishoni vinachosha kweli na mfuko mgongoni unazidi uzito. Pigia mkwaju wa kwanza kutoka sehemu za mbele za kuanzia. Za nyuma kabisa zinaufanya uwanja uvuke yadi 7,400, na hizo waachie wanaopiga mbali. Grini nyingi si za mabonde mengi, ukifika salama kusukuma mpira shimoni kwenyewe kunakuwa afueni. Kama bado unajifunza, viwanja vingine vinne vya hapohapo vitakufaa zaidi.

Nilimaliza kwa mikwaju 104, kiwango kikiwa 71. Tangu nirudi, kila nikienda mazoezini naanza na fimbo ya chuma namba 5, napiga kuelekea mlimani, mpaka mpira utue laini. Shimo la 15 bado lina deni langu.