Makanisa ya Romney Marsh, Kent: nilifuata mbao, nikakuta buruji

Mimi ni mtu wa msikitini na kazi yangu useremala, kwa hiyo habari za ibada msizitarajie hapa. Huu ni mwaka wangu wa sita Kent, kusini-mashariki mwa Uingereza, nakarabati nyumba kongwe, na kila tukikaa kunywa chai kazini lazima mtu ataje mnara wa kengele wa Brookland, kijiji cha huku Romney Marsh: mnara mzima wa mbao, umesimama chini kando ya kanisa lake kama mtoto aliyefukuzwa nyumbani. Mwisho nikasema yatosha, nikauone mwenyewe. Jumamosi mbili mfululizo nilipakia baiskeli kwenye treni ya Ashford kwenda Rye, nikashuka Appledore, na kutoka hapo ni kukanyaga tu.

Baiskeli inatosha kabisa, maana ardhi yenyewe ni sinia. Romney Marsh ilikuwa bahari na matope. Watu wakaikausha karne kwa karne kwa mifereji na kuta, na hata leo sehemu kubwa iko chini ya usawa wa maji kujaa. Kondoo ni wengi kuliko watu. Upepo, jamani, haufai. Siku ya kwanza nilikwenda nao usoni mpaka machozi.

Fairfield ndilo kila mtu analopiga picha: kanisa dogo la Mtakatifu Thomas Becket, peke yake katikati ya malisho, hakuna kijiji, hakuna hata barabara ya kufika mlangoni. Ufunguo nilielekezwa nyumba ya jirani. Mpaka mwaka 1913, ilipojengwa njia ya kupita juu ya maji, majira ya mafuriko waumini walikuja kwa mashua au juu ya farasi. Kwa nje utadhani ni nyumba ya matofali ya karne ya 18, na hayo matofali kweli ni ya wakati huo, lakini ni koti tu. Ndani yake umo mwili wa zamani zaidi, wa mbao. Boriti za kuvuka zimepita chini mno, nene kama kiuno cha mtu, na juu ya kila moja imesimama nguzo fupi iliyobeba paa zima. Nilisogea nikatazama maungio: ulimi na tundu, kigingi cha mbao, basi. Viti ni visanduku vyeupe vyenye milango na ukingo mweusi, mimbari ina ngazi tatu, na birika la ubatizo lina pande saba. Saba! Hebu mchukue fundi yeyote umwambie akugawie duara mara saba bila kumwona akikuna kichwa.

Pazuri sana, sikatai. Ila dakika ishirini zinatosha, na nusu yake nilizitumia kumsubiri bwana mmoja na kamera yake amalize.

Brookland ni habari nyingine.

Mnara kwanza. Chukueni kawa tatu za kufunikia chakula, kubwa chini, ndogo juu, zipandisheni. Ndio huo. Una pembe nane, umevikwa vigae vya mbao tangu ncha mpaka karibu na majani. Wenyeji wana utani wao: eti siku moja alikuja kuolewa bibi harusi aliye bikira kweli, mnara ukapigwa na butwaa, ukaruka chini. Mimi nimeuzunguka mara tatu na jibu langu ni fupi: udongo. Hapa chini hakuna mwamba, ni tope lililokauka. Ukimpandishia mtu kengele na mnara juu ya ukuta wake, ukuta unazama. Aliyejenga hapa alilijua hilo, akaushusha mzigo pembeni. Asiyeamini aingie kanisani atazame nguzo: zimelala kuelekea nje, safu huku na safu huku, wazi kabisa bila kupimia timazi. Nilisimama katikati nikahisi kama niko ndani ya chombo kilichoinama.

Halafu nikaliona birika. Ni la madini ya risasi, la karne ya 12, na ya namna hiyo Uingereza nzima yamebaki kama thelathini tu. Limefanana na pipa fupi, na limezungushiwa matao 20 kwa safu mbili. Safu ya chini ina picha za kazi za kila mwezi wa mwaka. Nilianza kuzisoma taratibu: Januari mtu mwenye nyuso mbili, Februari mtu anaota moto, baadaye wakata majani, wavunaji, na Desemba mtu anachinja nguruwe. Nikainua macho safu ya juu, nikamkuta nge. Pembeni yake mizani. Nikasema moyoni, ngoja kwanza.

Zilikuwa buruji, alama za nyota za falaki. Zote kumi na mbili, zile zile alizonifundisha babu kwa kidole juu ya mchanga: Hamali, Thauri, Jauza, Saratani, mpaka Dalu na Hutu. Babu alikuwa akiunda vyombo, na mwezi ukiwa ndani ya nge hashushi chombo majini hata umpe dhahabu. Nikajikuta nazitaja kwa sauti, nalizunguka pipa la ubatizo. Kulikuwa na bibi mmoja akipanga maua, akaniuliza kwa upole nasema nini. Nikamwambia nahesabu nyota kwa majina ya kwetu. Akaziweka chini mkasi na maua, akanifuata, akataka arudie moja moja. Thauri ilimshinda, Asadi aliipenda. Kisha yeye ndiye aliyenionyesha nisichokiona: miezi ni 12 na matao ni 20, kwa hiyo Machi mpaka Oktoba imerudiwa mara mbili. Kalibu za kumiminia risasi zilikuwepo, nafasi ilikuwepo, fundi kajaza. Nilicheka peke yangu. Hiyo hesabu naijua, nimeshaifanya kwenye zulia la vigae la bafuni kwa mtu.

Yaliyobaki nitayapitia haraka. Old Romney wana viti vya rangi ya waridi. Wapiga filamu walivipaka mwaka 1963, watu wa kanisa wakaipenda rangi, ikabaki. Nawaelewa, inachangamsha, ingawa mimi ningeona haya kuipaka mwaloni. Snargate nendeni kwa ajili ya merikebu iliyochorwa ukutani yapata mwaka 1500, rangi ya udongo mwekundu, inakutazama ukivuka tu mlango. Ni kanisa hilo hilo ambalo mwaka 1743 palikutwa tumbaku ya magendo kwenye mnara na pombe chini ya meza. New Romney ni kubwa na la mawe, na jambo la kutazama ni sakafu: unashuka kuingia. Tufani ya mwaka 1287 ilimwaga tope na changarawe mjini, ikauhamisha hata mto Rother ukaenda kutokea Rye, na ardhi ya nje ikabaki juu kuliko kanisa. Nguzo bado zina madoa ya mafuriko hayo. Palikuwa bandari pale. Leo bahari hata huioni.

Sasa malalamiko. Kanisa moja, silitaji, nililikuta limefungwa, na simu iliyoandikwa mlangoni haikupokelewa mara tatu. Choo ni shida kubwa, jisaidieni kabla ya kutoka kituoni. Mabasi msiyategemee. Na mkahawa mmoja ulinipa mkate wenye jibini uliokauka kama maranda ya jana, nitauacha bila jina pia.

Kiingilio hakuna, kuna kisanduku cha sadaka, nami naomba mtumbukize kitu. Makanisa haya yamo katika orodha ya taifa ya majengo yanayolindwa, na Brookland na Fairfield yako daraja la kwanza, la juu kabisa. Kwa kazi yangu najua maana yake: hupigi msumari unavyojitakia. Kanisa la Uingereza lina utaratibu wake, kibali kinatoka dayosisi, na hata kiti kukihamisha lazima uombe. Ulinzi wa karatasi upo, lakini karatasi haileti risasi mpya ya paa, na vijiji vyenyewe vina watu wachache.

Fairfield nyota tatu, New Romney tatu na nusu, Snargate nne. Brookland tano, na Jumamosi ya pili nilirudi huko huko kabla ya treni, nikiwa na tochi safari hii, maana upande wa birika unaotazama ukuta una kivuli na mara ya kwanza Kausi, yule mpiga mshale, sikumwona vizuri. Bibi wa maua hakuwepo. Tochi ichukueni.