Kopepodi, Artemia au misisi: ununue nini kwa samaki wa maji chumvi?

Samaki mandarini, yule mdogo wa baharini mwenye rangi nyingi, hula kama kuku wa kienyeji. Anadonoa mchana kutwa, kidogo kidogo, akizunguka juu ya mawe. Ukimweka kwenye tangi jipya lenye mawe matupu atakonda, hata ukimtupia chakula cha pakiti mara tatu kwa siku. Wangu wa kwanza alikufa hivyo. Mwuzaji aliniambia atazoea, nikaamini, na mpaka namwona tumbo limebonyea nilikuwa nimechelewa. Ndiyo maana orodha hii naipanga kwa kuangalia mdomo wa samaki kwanza, bei baadaye.

Nafasi ya kwanza naipa chupa ya kopepodi hai, yaani vijidudu vya majini vya jamii ya kamba, aina ya Tisbe. Wengi wao hawafikii milimita moja, hutambaa kwenye nyufa za mawe na huzaliana humohumo, kwa hiyo chupa moja ikishika vizuri inageuka shamba. Wauzaji wengi watakusukumia Tigriopus, wale wekundu wenye asili ya vidimbwi vya miambani pwani ya Pasifiki, Amerika Kaskazini. Hao ni wakubwa zaidi na samaki huwapenda mno, lakini hujitokeza mahali peupe wakaliwa kabla hawajaongezeka. Nunua Tigriopus kama kitoweo cha siku moja. Kwa kupanda mbegu, nunua Tisbe.

Dukani inua chupa kwenye mwanga. Unatafuta vidoa vinavyokwenda vyenyewe, si vumbi linalozama. Uliza ilijazwa lini, kisha fungua unuse: harufu ya uvundo maana yake unauziwa maiti. Ukifika nyumbani, mimina usiku taa zikiwa zimezimwa, na uzime pampu na skima (kifaa kinachotoa uchafu majini kwa povu) kwa saa moja hivi ili wapate kujificha. Ongeza na chupa ya mwani mdogo wa kijani, maana kopepodi nao wanahitaji kula.

Mayai ya Artemia, kamba wadogo wa maji ya chumvi kali, yanafuata, na kwa mwenye mfuko mwembamba huenda yakawa ya kwanza, kwani kopo dogo hudumu miezi. Yanayosifika zaidi huvunwa Great Salt Lake, Utah. Kwetu pia Artemia wapo: waliingizwa kwenye mashamba ya chumvi kaskazini mwa Malindi miaka ya 1980. Soma kwenye kopo asilimia ya mayai yanayoanguliwa. 90 ni nzuri, na kopo lisiloandika chochote liache. Maji ya chumvi yenye joto la nyuzi 26 hadi 28, pampu ya hewa na taa vinatosha, na baada ya kama saa 24 utaona wingu la rangi ya machungwa. Zima hewa dakika kumi: maganda yataelea, nawe uwavute watoto wa Artemia kwa mrija kutoka chini. Maganda usiyaingize tangini, yanaweza kuziba utumbo wa samaki wadogo. Wape samaki watoto hao mapema siku hiyohiyo, maana kiini walichozaliwa nacho huisha upesi na kinachobaki ni ngozi na maji.

Misisi waliogandishwa, wanyama wadogo wanaofanana na kamba, nawaweka nafasi ya tatu kwa mandarini, ila kwa farasi wa baharini ningewapandisha hadi ya kwanza. Farasi huyu hana tumbo la kuhifadhi chakula, hivyo anahitaji kulishwa mara mbili au tatu kwa siku, na misisi wana lishe nono. Chagua pakiti ambayo miili ni mizima na macho yanaonekana. Barafu nyingi na vipande vilivyovunjika ni dalili kwamba iliyeyuka ikagandishwa tena. Yeyusha kwenye kikombe, chuja, mwaga yale maji, yanachafua tangi.

Artemia wakubwa waliogandishwa wako mkiani, lishe yao ni hafifu. Na uduvi mkavu wa sokoni, ambao wengi wetu pwani tunajaribiwa kuutumia, uache kwenye mchuzi wa nazi. Una mchanga, na mandarini mara nyingi hatambui kisichotembea.

Kopepodi wanunue kabla ya samaki. Subiri miezi mitatu au zaidi, kisha usiku umulike kioo kwa tochi. Ukiona vidoa vyeupe vikikimbia kila upande, hapo ndipo uende kumchukua mandarini.