Nodame Cantabile: vituko kibao, ila kwenye muziki hawafanyi masihara

Nimemaliza kuirudia Nodame Cantabile, ile tamthilia ya Kijapani ya Fuji TV ya 2006, episodi 11 tu, na nimelia palepale nilipolia mara ya kwanza.

Kisa chenyewe, Chiaki (Tamaki Hiroshi) anasomea piano chuo cha muziki, ana kipaji balaa, ndoto yake aende Ulaya akaongoze orkestra lakini kupanda ndege hawezi, hofu ya toka utotoni. Usiku mmoja kalewa kalala nje ya mlango wake, usingizini anasikia mtu anapiga sonata ya Beethoven, ile Pathétique, anafumbua macho kumbe yuko chumbani kwa jirani, takataka zimejaa kila kona na katikati yake kuna binti kakaa kwenye piano wala hana habari. Huyo ndo Nodame, mwanafunzi mwenzake wa piano, na Ueno Juri kamcheza mpaka unasahau ni muigizaji, ile sauti ya puani, mdomo kaubenua akipiga piano, jamani!

Nodame nota zinamshinda, anasikia wimbo kwa sikio anaupiga anavyojisikia, na anachotaka maishani ni kuwa mwalimu wa chekechea basi. Sasa kuna pale wanapiga pamoja sonata ya Mozart ya piano mbili, Chiaki siku zote za mazoezi amemfokea weee, halafu siku ya kupiga mbele ya mwalimu anamwambia leo piga unavyotaka, mimi nitakufuata. Angalieni uso wa Chiaki hapo, yaani jamaa aliyezoea kusahihisha kila mtu anaanza kusikiliza, na wewe mtazamaji unaanza kusikiliza naye hata kama Mozart hujawahi kumtafuta. Hicho ndicho ninachoipendea hii tamthilia, vichekesho vinaruka juu chini ila muziki ukianza wanauacha upumue.

Halafu ile orkestra ya S ya chuoni kwao, wanafunzi ambao hakuna aliyewategemea, Mine na fidla yake anataka iwe roki, Masumi na nywele zake za afro kwenye timpani, zile ngoma kubwa, wanapiga simfoni ya 7 ya Beethoven huku wananyanyua vyombo juu, raha tupu. Na kwenye ule muziki wa Rhapsody in Blue, Nodame yuko ndani ya vazi la nguchiro anapuliza pianika, kile kinanda cha kupuliza kwa mdomo, nilicheka mbavu zikauma lakini mapigo yenyewe yako sawasawa kabisa.

Kinachoniudhi ni kile kipigo. Chiaki anamrusha Nodame hewani kama mdoli ili tucheke, mara ya kwanza sawa, ikijirudia inachosha na inamharibu Chiaki bure. Na Stresemann, mzee wa Kijerumani muongoza orkestra, anayechezwa na Takenaka Naoto kwa wigi na pua ya bandia, mwanzoni nilimkataa kabisa, ila akishika kile kijiti mbele ya orkestra unamuelewa.

Ukimaliza hizo 11 usiishie hapo, kuna spesho ya usiku mbili ya Januari 2008 wakiwa Paris, kisha filamu mbili, Desemba 2009 na Aprili 2010. Huko Nodame hachekeshi tu tena, anaumia, maana Chiaki anazidi kwenda mbele na yeye bado yuko darasani. Vaa hedifoni.