Mafundi nyota 5, kujibu imeili nyota 1

Hawa jamaa wa printa na tona hapo Kariakoo tunafanya nao kazi mwaka na nusu sasa, jina nawahifadhia, na nianze na haki yao, mafundi wako vizuri sana. Wa mwisho aliyekuja alifungua mashine akatoa pini ya stepla iliyonasa kwenye rola, akafuta vumbi, dakika 20 tukawa tunaprinti.

Shida ni imeili. Ofisini kwetu kila kitu lazima kiwe kwa maandishi, mkaguzi akija akute, kwa hiyo siwezi kupiga simu nikamalizana nao. Mwezi wa nne nikawaandikia vitu vitatu: tona ya mashine yetu ipo? Bei ina VAT ndani? Na risiti ya EFD (ile ya mashine ya kodi) ya Machi iko wapi, maana tumelipa hatujapewa. Papo hapo ikaingia "ombi lako linashughulikiwa", nikafurahi, kumbe ni mfumo unajijibu wenyewe. Siku nne kimya. Nikakumbushia, dada wa mauzo akajibu "ndiyo ipo". Ipo nini jamani, tona au risiti? Nikauliza tena, akaforwadi kwa mhasibu, mhasibu akaongeza watu saba kwenye CC, siwajui hata mmoja, wakawa wanaandikiana "tafadhali msaidie mteja" na mteja bado nimekaa nasubiri.

Waliowahi kukaa uhasibu wanajua, ritani ya VAT, ile taarifa ya kodi ya kila mwezi, mwisho tarehe 20, na bila risiti ya EFD ile asilimia 18 tuliyolipa siwezi kuidai, na bosi ananiuliza mimi, hawaulizi wao. Tarehe 18 nikachukua bodaboda mpaka dukani. Risiti ilikuwa kwenye faili, imebanwa pamoja na delivari noti yetu, maandishi yameshaanza kufifia si unajua zile karatasi. Ilikuwepo tangu siku tuliyolipa. Mtu angeipiga picha akatuma, basi. Iliniuma kwa kweli.

Kama utawatumia, na kwa ufundi nakushauri uwatumie, imeili moja weka swali moja, tena liandike kwenye kichwa cha imeili kabisa, nilivyoanza hivyo nimejibiwa siku hiyohiyo mara mbili. Na wenyewe wakisoma hapa, naomba mteue mtu mmoja wa kushika hizo imeili. Hata akiniandikia "bado natafuta, nitakujibu kesho saa nne" inanitosha, nina cha kumwambia bosi.