Kabla hujanunua pikipiki kuukuu ya safari ndefu, uliza koili ya chaji iko wapi

Ndani ya mwezi mmoja watu watatu wameniandikia kitu kilekile. Dada, nimenunua Gold Wing ya zamani, ile pikipiki kubwa ya safari ya Honda, bei poa, inang'aa kama mpya, imetembea wiki mbili imezima na fundi anasema injini lazima ishuke. Yule wa tatu aliponitumia picha ya plagi ya kuunganishia waya za chaji iliyoyeyuka na waya tatu za njano zimekuwa nyeusi nikasema hapana, hili leo naliandika, maana na mimi yalinikuta hayohayo na ile hela mpaka kesho inaniuma.

Mimi nakaa Columbus, Ohio. Kutoka hapa mpaka Marysville, kule Honda walikoanza kuunda Gold Wing za hapa Marekani mwaka 1980, ni kama dakika arobaini kwa gari, kwa hiyo huku hizi pikipiki ni nyingi sana, kila mzee mstaafu ana moja gereji chini ya turubai. Mwaka 2021 nikanunua Gold Wing aina ya GL1200 Aspencade ya 1985, rangi damu ya mzee, dola 2,200, redio inaimba, mabegi ya pembeni na boksi la nyuma vyote vina funguo zake. Nilikagua kila unachoambiwa ukague. Nikaizungusha mtaani, ikawaka kwa mguso mmoja. Iliwaka hivyo kwa sababu muuzaji alikuwa ameifunga betri mpya kabisa, stika ya duka bado iko juu, na mimi nilipoiona ile betri nilifurahi nikajua huyu mtu anakitunza chombo chake.

Jumapili ya pili nikashika barabara ya 33 kwenda Hocking Hills. Kwenda, salama. Kurudi, jua linazama, sijafika hata Lancaster, taa ya mbele ikaanza kugeuka njano, redio ikakata, indiketa zikagoma, halafu injini ikazima yenyewe niko mwendo wa maili 60 na lori liko nyuma yangu. Sijawahi kuogopa barabarani kama siku ile.

Kwa hiyo hapa sitaongelea tairi, breki wala maili zilizotembea, hayo mnayajua na kila mtu anayasema. Naongelea chaji tu.

Ipo hivi. Pikipiki ya safari inabeba umeme mwingi, taa kubwa, redio, feni ya rejeta, na ukiongeza koti la kupasha joto ndiyo kabisa. Umeme wote huo unatoka kwenye koili ya chaji, yaani waya wa shaba uliozungushwa kwenye chuma na kupakwa vanishi ili umeme usivuje. Mafundi wa bodaboda nyumbani wangeiita magneto tu wakaendelea na kazi, na kwenye boda kweli ni kazi ya muda mfupi, unafungua kava la pembeni unabadilisha. Sasa chukua koili hiyo iweke ndani ya injini, kwenye joto na oili, miaka 40. Vanishi inakauka, inapasuka, waya unagusa chuma, chaji imekufa. Ya kwako itakufa, ya jirani itakufa, hakuna isiyokufa. Cha kujua kabla hujatoa hela ni kwamba ikishakufa unaifikiaje. Kuna pikipiki unaifikia kabla chai haijapoa, na kuna pikipiki unashusha injini nzima chini.

Mpangilio wangu nimeupanga kwa hilo peke yake.

Namba moja ni BMW za silinda mbili zinazopozwa kwa hewa, zile silinda zimetoka kushoto na kulia kama mtu amenyoosha mikono. Nasema wazi, mimi ni wa BMW, nilipomalizana na ile Honda nikanunua R100RT ya 1979 na sirudi nyuma. Hizi kuanzia zile zilizotoka mwaka 1969 altaneta yake, yaani mashine nzima inayozalisha umeme wa chaji, ni ya Bosch na imekaa mbele kabisa kwenye ncha ya krenki, nyuma ya kava la alumini. Unafungua bolti chache za alenki, kava linatoka, umeshaona kila kitu: brashi za kaboni, rota yaani koili inayozunguka, na juu yake bodi ya dayodi inayougeuza umeme uweze kuchaji betri. Rota ndiyo huwa inakufa, waya wake unakatika ndani, na kuijua ni rahisi, unapima ukinzani kati ya zile ringi mbili za shaba, ikisoma kama ohm 3 ni nzima, isiposoma kitu imekatika. Unaagiza mpya, unaifunga mwenyewe ukiwa umekaa kwenye ndoo. Mimi niliibadilisha ya kwangu Jumamosi asubuhi na mchana nikaenda nayo harusini.

Ila jamani, kabla hujagusa kava hilo la mbele toa waya wa negativu kwenye betri. Usiseme nitakuwa mwangalifu. Kava likigusa bodi ya dayodi wakati betri imeunganishwa inapiga shoti na bodi imekwenda, watu wameziunguza hivyo miaka yote. Na ukiwa umeshafungua angalia ile bodi imeshikiliwa na nini. Kuna miaka walifunga kwa vishikizo vya mpira na mpira huo unachanika kwa joto, bodi inaning'inia inapoteza ardhi, yaani muunganisho wa negativu, weka vya chuma usahau.

R100RS ya 1976 ndiyo ilikuwa ya kwanza kuundwa kwa wingi ikiwa na kava kamili la upepo, Hans Muth ndiye aliyeichora na waliipima kwenye handaki la upepo la Pininfarina Italia, na RT ikafuata 1978 ikiwa na kioo kirefu zaidi na usukani umeinuka, mgongo hauumi. Kwa safari chukua RT. R80RT pia nzuri, wala usiogope injini ndogo.

Kasoro zipo na sizifichi. Altaneta ni wati 280 tu, kwa hiyo ukitaka taa za ziada na nguo za joto mbili, yako na ya abiria, haitakutosha. Za 1981 mpaka 1984 siti za vavu zinazama kwa hii petroli isiyo na risasi, uliza kama hedi zimeshatengenezwa. Na kuanzia katikati ya miaka ya 80 waliondoa kijipete kimoja kwenye shafti ya gia boksi, beringi inaweza kutembea, kwa hiyo hiyo nayo uliza. Lakini yote hayo unayajua mapema na yanatengenezeka bila kuning'iniza injini kwenye winchi.

Namba mbili ni Gold Wing GL1500, ile ya silinda sita iliyoanza 1988 ikaenda mpaka 2000. Hapa Honda walisikia kilio, wakaitoa koili ndani ya injini wakaweka altaneta ya nje kama ya gari, unaitoa na injini iko palepale. Wati zaidi ya 500. Kama wewe ni mtu wa redio, mke nyuma, mablanketi, mbwa kwenye trela, basi hii ndiyo yako, hata ile BMW yangu haifikii hapo. Ni nzito, zaidi ya kilo 350, ndiyo maana waliipa rivasi inayoendeshwa kwa mota ya stata. Mimi na urefu wangu wa futi tano na inchi tatu naiendesha vizuri tu ikishaanza kutembea, kuiegesha kwenye mteremko ndiyo kazi.

Namba tatu Moto Guzzi za Italia, zile za fremu iliyochorwa na mhandisi Tonti, SP1000 na California. Altaneta ya Bosch mbele, karibu mambo yaleyale ya BMW, na injini imara. Zile za zamani zaidi silinda zake zilipakwa kromu ndani na kromu inabanduka, ikibanduka inaingia kwenye oili inakula kila kitu, kwa hiyo uliza kama silinda zimebadilishwa na utake kuona risiti. Tatizo la Guzzi huku ni kwamba mwenye nayo hauzi, na akiuza anataka bei ya mapenzi yake.

Namba nne Yamaha Venture, injini ya V4, ilianza 1983. Koili iko nyuma ya kava la kushoto, unaifikia vizuri. Ila hizi za mwanzo gia ya pili inaruka yenyewe, na hiyo gia huifikii bila kupasua injini, kwa hiyo tumerudi kulekule. Unapoijaribu weka gia ya pili, vuta kwa nguvu kwenye mlima, ukisikia inatema, mshukuru mwenyewe uondoke.

Harley Electra Glide za zamani sizipi namba. Koili iko kwenye kesi ya praimari, ile ya mnyororo wa kutoka injini kwenda klachi, upande wa kushoto, kazi ipo lakini injini haishuki, na spea zake zinapatikana popote Marekani. Ila bei! Mtu ana Harley ya 1978 yenye ile injini ya zamani ya shovelhead inavuja oili sakafuni mbele yako na anataka dola elfu tisa, ukimuuliza anasema wewe hujui hiki ni kitu gani.

Za bei chini, Honda Silver Wing ya GL500 na GL650. Koili iko nyuma ya injini, injini inashuka. Ziache.

Na sasa Gold Wing za GL1000, GL1100 na GL1200, zile za silinda nne, 1975 mpaka 1987. Sikatai, ni pikipiki tamu. Zinatembea kimya, hazina mtikisiko, na zikiwa zima unavuka majimbo matatu hujachoka. Belti zake mbili za taiming badilisha siku ya kwanza bila kuuliza zina umri gani, maana ikikatika moja vavu zinagonga pistoni. Lakini koili ya chaji imekaa mgongoni mwa injini, ndani ya kava la nyuma, na kava hilo halifunguki ikiwa injini imo kwenye fremu. Duka moja hapa mjini lilinitajia bei ya kazi kubwa kuliko niliyonunulia pikipiki. Mwisho tuliishusha wenyewe, mimi, shemeji na jirani mmoja Mkenya, wikiendi tatu gereji, na tukiwa pale tukabadilisha belti, mipira ya maji na sili za nyuma kwa sababu nani atashusha tena. Wengine hawashushi, wanafunga altaneta ndogo ya gari mbele inayozungushwa na mkanda kutoka kwenye krenki, nimeziona mbili na zinachaji vizuri, ukikuta iliyofungwa hivyo kwa usafi basi hiyo nunua kabla ya nyingine.

Wauzaji ndio wananichosha. Tangazo linasema ilikuwa inawaka nilipoipaki, inahitaji kusafishwa kabureta tu. Kabureta nne! Kama ni kusafisha tu mbona hujasafisha ukauza dola elfu moja zaidi? Halafu hili la betri mpya. Betri mpya kwenye pikipiki inayouzwa mimi siku hizi nahesabu ni onyo, kwa sababu pikipiki isiyochaji ukiipa betri mpya iliyojaa inatembea vizuri muda wa kutosha mnunuzi kufika kwake. Yule aliyeniuzia nilimpigia kesho yake, akasema mama, kwangu ilikuwa haina shida. Na kuna kingine, nikienda kuangalia pikipiki na shemeji, muuzaji anaongea na shemeji. Mimi ndiye nimeshika mita, mimi ndiye nauliza, majibu yanaelekezwa kwa shemeji ambaye hana hata leseni ya pikipiki. Siku hizi naenda peke yangu.

Mita ya umeme ya dola ishirini inatosha. Kwanza pima betri injini ikiwa imezimwa, iwe karibu volti 12.6. Washa, taa ya mbele iwe inawaka, pandisha mpaka mizunguko 3,000, usome kuanzia 13.5 mpaka 14.5 hivi. Halafu, na hapa ndipo wengi wanapokosea, iendeshe dakika ishirini au thelathini mpaka iwe moto kabisa, upime tena, kwa sababu koili iliyopasuka vanishi inaweza kukudanganya ikiwa baridi ikafa ikipata joto. Kwa Gold Wing za silinda nne ongeza hiki: chomoa zile waya tatu za njano, weka mita kwenye AC, injini kwenye 3,000, pima mbili mbili, zote tatu zisome zaidi ya volti 50 na zilingane. Kisha zima, weka mita kwenye alama ya mlio, pima kila waya wa njano na bodi ya injini, mita ikilia koili imegusa chuma. Muuzaji akikataa usipime, hiyo pikipiki si yako.

Na kama tayari unayo GL1200 na inachaji vizuri, usiku huu ifungue kava la pembeni karibu na betri utafute plagi ya zile waya tatu za njano. Ikiwa plastiki imekuwa kahawia au imelainika, ikate plagi yote, lehemu waya moja kwa moja, kila mmoja uvishe mpira wake wa kubana kwa joto. Plagi ile ikilegea inaleta ukinzani, ukinzani unaleta moto, na moto huo unairudia koili. Yangu ndivyo ilivyoanza, na kwenye picha ya yule kaka wa tatu naona ni palepale.